Viatu vya Bwana Harusi

Ngoja nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Mguu wa kulia niliuacha vitani Burma, nikarudi Tabora kujifunza kushona viatu pamoja na vilema wenzangu. Juzijuzi nikapata mteja wangu wa kwanza, jirani yetu Ramadhani, anataka viatu vya harusi! Furaha ilininyima usingizi. Nikakata ngozi, nikashona, na kila kiatu nikakijaribu mguuni mwangu mpaka kikanikaa sawasawa. Nikavipiga rangi vikang'aa, nikampelekea kwa maringo.

Jana, mbele ya wakwe, bwana harusi akavivaa, akasimama, akatazama chini. Vigelegele vikakatika. Vyote viwili vilikuwa vya kushoto!

“Fundi,” akaniita kwa sauti, “kumbe na kiatu changu cha kulia kilibaki Burma?”