Nilidhani binti yangu ameambukizwa Kikipsigis, kumbe ni herufi zinamgeukia

Wakuu, salamu zenu. Hii yangu sijaongeza chumvi. Nimeikalia miezi kadhaa kwa sababu ya aibu. Wa kutukana mtatukana, najua nastahili.

Mimi ni Mkisii, nimechuna majani chai Kericho tangu ujana, sai tunaishi karibu na Litein. Shule niliachia standard four.

Binti yangu Moraa yuko Grade Four. Ni mtoto wa mdomo, anaweza kukurudishia mahubiri yote ya Jumapili bila kuruka. Lakini mpatie kalamu, anakauka.

Mwambie aandike baba, anaandika papa. Kesho anaandika dada. Bata inakuwa data.

Sasa, watu wa huku mnajua majirani zetu Wakipsigis, wengi b na p ni kitu kimoja mdomoni. Ni lafudhi tu, hata sisi tuko na yetu.

Mwalimu wake, Ombati, mtu wa kwetu kabisa, aliniita akaniambia mbele ya darasa, "Huyu wako ameshakuwa Mkipsigis. Anaandika vile wanaongea."

Watoto wakacheka. Na mimi nikacheka, Moraa akiniangalia.

Ombati, nakutaja jina. Ulikaa na huyo mtoto miaka miwili, ukaona ni kichekesho.

Lakini mkosaji mkubwa ni mimi. Nilifika nyumbani nikamkataza kucheza na watoto wa jirani. Rafiki yake Chelangat alikuja wakachote maji pamoja, nikamfukuza kwa gate. Mtoto wa watu, miaka tisa.

Kisha nikakata kijiti cha mchai. Aliyewahi kufanya pruning, kupogoa michai, anajua vile ni kigumu. Kila jioni, andika baba. Ukikosea, mkono lete.

Mama yake ananiambia, "Baba Moraa, mtoto anatetemeka, ataandika aje?"

Namjibu yeye ndiye anamdekeza.

Ikafika mahali Moraa ananisalimia akiangalia miguu yangu. Kitabu akaanza kuficha. Akamwambia mama yake hataki shule tena.

Mama yake akaanza kumpeleka kwa madam Chebet bila kuniambia. Huyo madam hufundisha watoto wanaokwama kusoma kila Jumamosi kwa chumba ya kanisa hapo Litein. Mtoto mmoja, saa moja, wao wawili tu. Niliposikia nikaenda kumtoa huko, tena nikisema kwa njia kwamba sasa amepelekwa kwa Mkipsigis mwenyewe.

Madam hakuinuka. Alimwambia Moraa atamke baba. Moraa akatamka vizuri.

"Papa Moraa, umesikia?" madam akaniuliza. "Mwenye kusema papa hapa ni mimi, na kuandika naandika sawa. Mdomo wa huyu ni mzima. Ni herufi zinamgeukia."

Akanichorea b, d na p. Umbo moja, limegeuzwa tu. Akasema inaitwa dyslexia, haitoki kwa jirani na haitibiwi na kijiti.

Wakuu, nilikumbuka mwalimu Nyakundi, standard four, akinichapa vidole kwa hizo hizo herufi. Ndiyo siku niliacha shule. Nimemchukia huyo mzee miaka thelathini, na nikawa yeye ndani ya nyumba yangu.

Nikamwacha Moraa aendelee. Anachora herufi na kidole kwa sinia ya unga, akiitamka kwa sauti. Halafu madam anataka kila mtoto ajitafutie alama yake ya kukumbuka. Hampatii ya mtu mwingine.

Baada ya miezi miwili akaandika mstari mzima bila kukosea. Nikamuuliza amejuaje.

"P ni ya panya, mkia uko chini. D ni ya dada, anatanguliza tumbo."

Dada yake mkubwa hakuna sahani inampita. Tulicheka wote.

"Na b?"

Akamwangalia mama yake kwanza. "B ni ya baba. Inatanguliza fimbo."

Nilitoka nje nikasimama katikati ya majani chai. Sikuwa na kazi huko.

Kwa mama ya Chelangat nilienda nikaomba msamaha. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, hakunikaribisha ndani. Sikumlaumu.

Juzi nikamwomba Moraa, "Mama, tutafute b ingine. B ya bakuli."

Alifikiria, bila hasira yoyote. "Hapana baba. Nikibadilisha nitachanganya tena."

Nikamwambia basi iache hivyo. Inamsaidia. Mimi nitaishi nayo.

Funzo ni hili: mtoto akikwama kusoma, tafuta mtu wa kukaa naye peke yake aone anakwama wapi, kabla mkono wako haujainuka.

Kama unajua mwalimu wa aina hiyo Kericho ama Bomet, weka hapa chini, kuna wazazi wanatafuta. Na kama wewe ndiye ulikuwa huyo mtoto, niambie ukweli: mzee wako ulimsamehe ukiwa na miaka mingapi?