Uzi wa Kupimia Rovu la Mama

Kitabu kile nilikitoa kwenye lundo la mitumba mjini Mbinga, miaka ile biashara ilipofunguliwa na kila kitu kikaanza kuuzwa chini, juu ya turubai. Kilikuwa cha Kiingereza: neno, kisha maneno yanayofanana nalo, kisha yaliyo kinyume chake. Shule niliishia darasa la saba. Kiingereza nilijifundisha mwenyewe jikoni, kwa hofu, kwa sababu sipendi kukosea hata nikiwa peke yangu.

Ukurasa nilioushika kuliko zote ulikuwa wa kutanuka na kupasuka. Hayo yenyewe sikuyajali. Nilitaka vinyume vyake, yote ya kupungua na kunywea: shrink, contract, dwindle, subside, shrivel. Mama alikuwa na rovu shingoni. Daktari wa hospitali ya Litembo alimpa vidonge vya madini joto, akasema arudi kahawa ikishavunwa. Kama rovu halijapungua watalikata, maana limeanza kubana koo. Akasema pia, bila kuficha, kwamba mshipa wa sauti unapita hapo hapo, na wakati mwingine unaguswa. Mama aliongoza sauti ya pili kwenye kwaya ya kigango chetu.

Nikajipa kazi ya kupima. Kila Jumapili baada ya misa Mama alikaa kwenye kigoda, nami nikazungusha uzi wa kushonea shingoni mwake, nione kama ncha inafika kwenye fundo nililofunga siku ya kwanza. Nilipima akivuta pumzi, nikapima akiitoa, nikaanza upya kwa sababu uzi ulikuwa umepinda. Kisha nikawaza neno gani lingefaa. Contract niliona ni la vyuma. Subside la maji. Shrivel la kahawa iliyopigwa na ugonjwa mtini. Najua ulikuwa upuuzi, lakini niliamini kwamba nikilipata neno lenyewe, sawasawa, rovu litatii. Sijawahi kumwambia mtu hilo.

Mama alilipenda shrink kwa sababu ni fupi. Alilitamka kwa namna yake, shangazi akalidaka, na akawa akipita na ndoo ya maji anauliza kwa mbali, "Wifi, limeshirinki?"

"Likikuona wewe linajificha," Mama anamjibu.

Walicheka sana. Mimi sikuweza.

Kahawa ikaiva. Wanunuzi wapya wakaanza kupita na magari yao, kila mmoja akisifu mizani yake, na kila gari lililopita lilinikumbusha kwamba siku ya kurudi Litembo inakaribia.

Jumapili moja ncha ya uzi haikufika kwenye fundo. Nikaushusha uzi, nikaupandisha, nikamwomba Mama ainue kidevu. Pengo lilikuwepo bado, dogo, la kuingia punje ya mahindi.

"Sema," akaniambia.

Nikasema labda uzi umeingia unyevu ukafupika.

"Mwanangu, acha. Unanikaba." Akautoa uzi yeye mwenyewe. "Limekua?"

"Limekua, Mama."

Maneno yote ya ukurasa ule yalikuwa kichwani, nayaona yalivyopangwa, na sikuwa na la kufanya nayo.

Hakulia. Aliniambia nisimame mlangoni penye mwanga, ninyooshe mgongo. Akaimba mstari mmoja wa wimbo wa matoleo, sauti ya pili, akataka niurudie. Wenzake kwenye kwaya wanamfuata yeye tu, alisema, hakuna anayeijua peke yake. Mimi sina sauti, na yeye anajua hilo kuliko mtu yeyote. Nikaimba, nikatelezea kwenye sauti ya kwanza. Akanirudisha mwanzo. Nikateleza pale pale. Akameza mate, akashika koo, akavuta pumzi iliyokoroma kidogo, akaanza tena.