Kipimajoto Ndani ya Tembe la Mama

Mdogo wangu Calist anafundisha fizikia Iguguno, na ukimwona anavyotembea utadhani hiyo fizikia aliizaa yeye. Suruali imenyooka, kalamu mbili mfukoni, pua juu. Ukimuuliza kwao ni wapi, anajibu Singida mjini. Mjini mtaa gani, hasemi. Kwao ni huku bondeni, kwenye tembe la udongo ninamoishi na mama yetu, Theodora, aliyelima alizeti mpaka mgongo ukapinda ili bwana huyu asome.

Siwezi kusema ametutupa. Sukari analeta, sabuni analeta. Ila anakuja jua likishazama na kuondoka kabla majirani hawajafungua milango, kama mtu aliyeiba kuku. Mama hakuwahi kulalamikia sukari wala sabuni. Alichotaka ni kimoja: Calist aje mchana, watu wakiwa wanaona, amwite mama. Basi. Kitu cha bure kabisa, na msomi wetu kilimshinda.

Mwaka huu alitoka semina na jambo jipya. Eti wanafunzi wasikariri tena majaribio ubaoni; wagawanywe makundi, wabuni ya kwao, wabishane, wapime wenyewe. Jambo zuri, sina ubishi, ila aliyelibeba ndiye ovyo. Kundi moja la watoto watano likabuni swali: mchana wa jua kali, ni nyumba gani yenye ubaridi, ya bati au tembe? Calist alikwisha kuwaambia darasani kwamba tembe ni nyumba ya panya na ya watu waliokataa maendeleo. Lakini mkuu wa shule alilisifu swali lile mbele ya walimu wote, kwa hiyo Calist akameza mate na kulipitisha.

Sasa lipatikane tembe la kupimia. Urbano, kiongozi wa kundi, akauliza nani kwao wanakaa tembe. Kimya. Watoto watano, wote kwao bati! Urbano mwenyewe kwao bati! Waongo wakubwa. Wazazi wao nawajua, na ugali wao nimeula humo humo kwenye matembe yao. Lakini niwalaumu nini watoto, wakati mwalimu wao ndiye fundi wa uongo huo? Makundi mengine yakaanza kupima, wao bado wanatazamana. Mwishowe binti mmoja, Jenifa, akasema anamfahamu bibi fulani huku bondeni mwenye tembe.

Bibi fulani! Jenifa anakaa hosteli ya shule, lakini kwao ni tembe, na mlango wao unatazamana na wetu. Jumamosi waliposhuka kwenye lori la alizeti nilimwona akipita mbele ya mama yake mzazi, aliyekuwa anapepeta mtama uani, bila hata kugeuza shingo. Yule mama akabaki na ungo wake hewani. Mimi nikasonya.

Kazi yenyewe, hata hivyo, waliijua. Urbano alitaka kipimajoto kiegemezwe ukutani. Jenifa akakataa, akasema hapo watapima joto la ukuta badala ya hewa. Wakabishana mpaka wakakubaliana kining'inizwe kwa uzi katikati ya chumba, na kingine vivyo hivyo kwenye nyumba ya bati ya jirani yetu Hosea, milango imefungwa kote, visomwe kwa wakati mmoja. Kisha wakamkataza mama kuwasha moto jikoni kwake, usije ukaharibu vipimo. Mama akatii, tena kwa furaha, tukashinda na njaa kwa ajili ya sayansi. Saa saba mchana kwa Hosea palisoma thelathini na nane. Kwetu ishirini na saba. Watoto walirukaruka, na mama akacheka kwa kusikia nyumba yake inasifiwa.

Ndipo pikipiki ikaingia. Mkuu wa shule alikuwa ametaka picha ya kila kundi likiwa kazini, na mpiga picha ni Calist. Matembe ya bondeni ni mengi. Nadhani njia nzima aliomba Mungu liwe jingine lolote. Alimwona mama mlangoni, akawaona wanafunzi nyuma yake wanamtazama, akavua kofia.

"Shikamoo, bibi," akasema, macho makavu.

Bibi! Kwa tumbo lililomzaa! Nilikuwa na ufagio mkononi, na Mungu ndiye anayejua ulivyobaki mkononi.

"Marahaba, mwalimu," mama akajibu. "Karibu ndani. Wanafunzi wako wamo."

Tembe halina madirisha ya maana. Ukitoka juani unaingia kipofu, na watoto wale wote walikuwa wamejigonga, Urbano mara mbili, kwenye nguzo na kwenye vinu. Calist akainama mlangoni, akazunguka nguzo, akaenda moja kwa moja hadi kona ya nyuma, akanyoosha mkono gizani akachukua kata inapotundikwa, akachota maji mtungini, akanywa. Kiu ilimsahaulisha uongo wake.

"Mwalimu," Urbano akauliza, "umejuaje mtungi uko wapi?"

Calist alisimama na kata mdomoni, maji yakimchuruzika kwenye tai.

"Mtungi huo haujahama," mama akamwambia Urbano taratibu, "tangu nikimnyonyesha hapo ulipokaa wewe."

Bado Calist alikuwa na nafasi. Neno moja tu, na sote tulilingoja, hata mimi niliyekuwa nimejaa hasira mpaka kooni. Akatundika kata mahali pake, akawaambia watoto kwamba vipimo vinatosha, akainama akatoka. Tukasikia pikipiki inawaka. Hata picha hakupiga.

Jenifa naye akatoka. Nilidhani anamkimbilia mwalimu. Binti alivuka uwanja mbele ya wenzake wote, akapiga magoti kwa yule mwanamke mwenye ungo, akasema kwa sauti ya kusikika kote, "Shikamoo, mama."

Mama yangu alisimama mlangoni mwa tembe lake, ameshika fremu, akasikiliza neno hilo likitamkwa nyumba ya pili.