Mwenye Kichwa Kama Upepeo Hahami

Saa kumi na moja alfajiri, jua halijaanza ukorofi wake, Ernestine Listo anainua upembo wa mita sita, uliotengenezwa kwa mbavu ngumu za dungusi aliyekufa, mmea wa miiba unaorefuka kama mti, anaangusha tunda la kwanza. Analipasua, anakula nyama yake, kisha ganda analilaza chini, wekundu ukitazama juu, ili mvua ijue pa kuja.

"Mtu alifudikize ganda, halafu alalamikie ukame? Amejitakia," anasema.

Ana miaka sitini na mitatu. Amevuna matunda ya dungusi katika jangwa hili la Watohono O'odham, wenyeji wa asili wa Arizona, Marekani, tangu akiwa na miaka saba. Kila Juni familia yake hupiga kambi palepale. Ndoo nane za matunda, zikichemshwa kutwa nzima, hutoa chupa sita tu za shira. Chupa moja ni dola thelathini na tano. Shira nyingine huchachushwa kuwa mvinyo wa kuombea mvua, na hiyo haiuzwi hata kwa bunduki.

Kambini anasimama dungusi aliyezua maneno mwaka huu. Wenzake wamenyooka, wana mikono miwili, mitatu. Yeye alipofika mita saba aliacha kwenda juu, akaamua kwenda pembeni. Kichwa kimetanda na kujikunja kama upepeo wa kuchochea makaa. Katika maelfu ya madungusi, hutokea mmoja hivyo. Wataalamu wamekuja na kuondoka: mmoja alisema ni baridi, mwingine radi, wa tatu ugonjwa.

"Ugonjwa!" Ernestine anasonya. "Bibi yangu alimkuta hivyohivyo. Waliompima wamezikwa, mgonjwa bado anazaa!"

Machi ilikuja barua kwamba barabara inapanuliwa. Vikafuata vigingi, kimoja kikachomekwa kando ya dungusi huyo. Kisha akaja mhandisi, Bwana Prewitt, kofia mkononi.

"Mama, huyu ni adimu. Tutamng'oa taratibu kwa winchi, tumpande kwenye bustani ya hoteli. Atapendeza sana."

"Hata wewe una kipara cha kupendeza. Nikung'oe nikupande sebuleni kwangu?"

Lorinda, binti wa mdogo wake Ernestine, alikuwa akichuja shira. Ilibidi ageukie upande wa pili acheke.

Lakini jambo lenyewe si la kucheka. Dungusi mzee aking'olewa hafi siku hiyo. Zamani walihamishwa kumi na wawili kupisha nguzo za umeme, na Ernestine aliwahesabu mwaka hadi mwaka.

"Walisimama kijani miaka mitatu, wanatudanganya. Kisha wakaanguka wote. Nililia kama mfiwa. Na nilikuwa mfiwa kweli."

Ndiyo maana mwaka huu ameisogeza kambi hadi juu ya mstari wenyewe wa barabara. Na vigingi? Ameving'oa vyote ishirini na sita, akavitia mekoni chini ya sufuria ya shira.

"Vinawaka vizuri," anasema bila haya. "Mbao safi kabisa."

Prewitt alitishia kuita polisi. "Waite," alijibiwa, "waje na vikombe."

Ofisi ya barabara ikabadili mbinu, ikaleta fomu: taja wakazi wote watakaohamishwa. Ernestine akaandika watu sita wa familia yake, kisha madungusi thelathini na mmoja, mwenye upepeo akiwa wa kwanza. Fomu ikarudi na maandishi mekundu: watu pekee. Akajaza nyingine, majina yaleyale.

"Mama mkubwa, watasema umechanganyikiwa," Lorinda alimwambia.

"Waseme! Wewe ulifundishwa nini? Huyu ni mtu. Ulipomrushia jiwe utotoni, nani alikuchapa?"

"Wewe."

"Haya. Basi niache niandike."

Kikao cha barabara ni Ijumaa, na safari hii Ernestine ataipeleka fomu mwenyewe. Kambi haivunjwi mpaka ajibiwe. Ikirudishwa tena ataandika tena, kalamu anazo.

Mwandishi wa makala haya anaomba kuiona fomu hiyo. Mbele ya jina la mwenye upepeo imeandikwa: umri, miaka mia moja na sabini; kazi, kulisha watu. Safu ya mwisho inauliza kila mkazi angependa kuhamishiwa wapi. Kwa majina yote thelathini na saba, Ernestine amejaza neno moja, kwa herufi kubwa: HAPA.