Shati la kaki la Winchi

Ilikuwa mwaka ule wa mafuriko. La, nisiseme uongo. Mwaka wa mafuriko nilikuwa mbali, nimelala na homa kwa dada yangu. Haya yalikuwa mwaka uliofuata, ghala la sukari lilipoezekwa mabati mapya, jua likiyapiga huwezi kuyatazama. Nayakumbuka kwa sababu nilikuwa nikikaa kwenye kivuli cha ukuta wake na jiwe langu. Mimi kazi yangu kunoa: visu, mapanga, mikasi ya mafundi cherehani. Leo mji huu, kesho ule. Watu huniita Mzee Kinoo, nami naitika.

Pale ghalani palikuwa na mchukuzi waliyempa jina la Winchi, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, kwa jinsi alivyokuwa akibeba. Wachukuzi wana mtindo wao. Mtu hajitwiki gunia mwenyewe. Wenzake wawili humtwika mabegani, wakasema "chukua!", wakaachia, naye akapanda ubao mpaka ndani ya lori. Wakishaachia wameachia. Katikati ya ubao huna ndugu.

Basi Winchi akaugua mapafu. Msimu mzima wa mvua yuko kitandani. Alipotoka alikuwa amebaki macho na pua, na shati lake la kazi, la kaki, lilining'inia utadhani bado liko kwenye msumari. Siku aliyorudi ghalani wenzake walishika mbavu.

"Jamani, huyu Winchi au njiti ya kiberiti?"

"Mfungeni kamba, upepo unakuja!"

Akacheka nao, afanyeje. Nyapara hakucheka. Alimvuta pembeni, karibu na nilipokaa.

"Winchi, tumetoka mbali mimi na wewe. Nafasi yako nakushikia mpaka malori ya mavuno yaanze kuja. Ukipanda ubao na gunia, umerudi. Usipopanda, unawaona wale wanaongoja kazi getini?"

"Nitapanda, nyapara."

"Ubao haupandwi kwa mdomo."

Nyumbani kwao ni chumba kimoja cha uani, pazia katikati. Upande huu kitanda, upande ule cherehani ya mkewe na mapacha wao wakichezea vipande vya vitambaa. Cherehani ile ililisha nusu ya midomo. Nusu nyingine ililishwa na mabega ya Winchi, na kazi nyingine hakuijua tangu ujana wake.

Mfa maji haachi kutapatapa. Akaenda kwa mwalimu wa vyuma, kijana mmoja mnene wa kifua aliyekuwa na uwanja wake nyuma ya gereji: fito za chuma zilizotiwa makopo ya saruji kila ncha, na benchi lililofungwa kwa waya. Winchi mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Hata salamu hakumaliza.

"Mwalimu, itachukua muda gani?"

"Muda gani nini, kaka?"

"Mpaka mazoezi yaonekane."

"Kwanza utaumwa. Halafu utalala usingizi mzuri. Nguvu zitaingia kimyakimya, na kuonekana kutakuja nyuma kabisa. Mwili si chai kwamba utauchochea moto uchemke upesi."

"Sasa nitajuaje?"

"Kioo usikiamini, unajitazama kila siku. Sikiliza nguo. Shati likianza kukubana mabega, hapo nenda kajaribu gunia lako."

Haya mkewe hakuambiwa. Aliambiwa tu, "Naenda kunyoosha viungo." Mwanaume aliyeitwa Winchi aliona aibu kusema anangoja habari kutoka kwa shati.

Akawa anarudi jioni amechoka, kikombe anakishika kwa viganja viwili kama mtoto. Asubuhi analivaa shati la kaki, anasimama mlangoni penye mwanga, anazungusha mabega. Shati linacheza. Anakaa ukingoni mwa kitanda.

"Mama Pacha, hakuna kitu. Niko vilevile."

"Subiri, Baba Pacha. Juzi tu ulikuwa hunyanyui kichwa."

"Nisubiri nini? Nabeba vile vyuma mpaka naona nyota, na bado nachezacheza humu ndani kama punje moja kwenye debe!"

Ikafika siku hakuamka. Aligeukia ukutani, chakula akakisukuma, mapacha wakimpanda mgongoni hageuki. Nilikuwa mlangoni nanoa mikasi ya mkewe. Niliona mke alivyokuwa akiutazama mgongo ule. Halafu akalitazama shati pale msumarini.

Haikupita muda Winchi akanijia ghalani mbio mbio.

"Mzee Kinoo, shika hapa! Shika!"

Nikashika begani. Nguo ilikuwa imekaza kweli.

"Linabana, mzee wangu! Si unaona? Linabana!"

Akaanza kula. Akaanza kuwarusha mapacha juu na kuwadaka. Kila nikipita, shati limekaza zaidi, naye amenyooka shingo. Mkewe naye alikuwa akicheka, ila macho hayatoki kwenye sindano.

Malori ya mavuno yalikuwa bado. Winchi akaenda kwa nyapara.

"Siku bado unazo," nyapara alimwambia. "Mbona usingoje?"

"Niko tayari, nyapara. Nitwikeni."

Wakamtwika. "Chukua!" Wakaachia. Alipanda vizuri mwanzoni, hata mmoja akapiga mluzi. Katikati ya ubao gunia likaanza kumvuta upande. Akasimama. Akajaribu kuvuta mguu, mguu ukakataa. Akaanguka ubavu, gunia likamfuata kiunoni. Hakuna aliyecheka siku ile.

Hospitali walilikata shati ili wamvue. Akarudi nyumbani juu ya machela, na kusimama akaja kusimama, lakini kwa magongo mawili. Nafasi ilikwenda kwa mmoja wa wale wa getini.

Mwalimu wa vyuma alikuja kumjulia hali. Nilikuwapo. Alikaa kwenye kigoda, mtu mkubwa vile, hajui mikono aiweke wapi.

"Mimi sielewi, kaka. Nilikwambia shati likibana ndipo uende. Lilibana kweli?"

Upande wa pili wa pazia cherehani ikasimama.

"Lilibana, mwalimu. Muulize Mzee Kinoo. Muulize mke wangu." Akaitazama dari. "Labda huu mwili wangu ndio mwongo."

Ndipo cherehani ikaanza tena.

Niliporudi mji ule safari nyingine, mama yule alinipa mikasi yake, na kitambaa kikuukuu cha kujaribia makali, kama mafundi wafanyavyo. Kilikuwa cha kaki, bega na kipande cha mkono. Nikakigeuza nitafute pa kukata. Ndani mshono wa bega ulikuwa umepitishwa uzi mpya, mstari ndani ya mstari, mara tatu, kila mmoja ukila nguo zaidi kidogo kuliko uliotangulia.

Winchi alikuwa amelala nyuma ya pazia, tulimsikia akikoroma. Mama Pacha akaona nimeona. Hakulia. Alinyoosha mkono akakichukua kile kitambaa, akakikunja, akakikalia, akaanza kukanyaga cherehani.

Mikasi yake nimeinoa miaka mingi baada ya pale, na kila mara hunipa kitambaa cha rangi nyingine. Nami siku ile, kwa sauti ya chini, nilimuuliza neno moja tu: "Mwanangu, kama mabega yangejaa kweli, mishono ile ungeifumua lini?"