Dirisha la Chini la Mzee Nyasani

Mwanzoni mwa miaka ya sabini, mvua ya Ikonge ilikuwa na adabu. Ilisubiri akina mama wapeleke majani chai kituoni, na Mzee Obadiah Nyasani aoshe mwiko wake wa uashi, ndipo inyeshe. Mzee alikuwa amejenga kanisa letu la Kisabato na nyumba za walimu. Mwaka 1973 akajenga nyumba ya watoto ambao hospitali zilikuwa zimeshindwa kuwaponya.

Kabla ya hapo watoto hao walipelekwa Nairobi. Mama alipanda basi na mwanawe mgonjwa, akarudi peke yake, na jamaa hawakupata hata kumuaga mtoto. Kanisa likaamua dawa za maumivu, pamoja na muuguzi anayezijua vyema, zisogezwe karibu na nyumbani. Muuguzi huyo alikuwa Sista Persis, mwenyeji wa Masimba, mwenye ulimi mkali na mikono ya upole.

Mzee alijenga kama alivyozoea: ukumbi mmoja mrefu, mlango mmoja, na madirisha madogo karibu na dari ili baridi isiwafikie wagonjwa.

"Mzee, humu utafuga kuku au watoto?" Persis alimtania.

"Baridi ya Ikonge huijui wewe, mtu wa Masimba."

Mwaka uliofuata mjukuu wa Mzee, Mong'ina, msichana wa miaka sita, aliota uvimbe tayani. Madaktari walijaribu, wakashindwa. Mama yake, Kemuma, mke wa mwana wa Mzee, akaja naye kwenye nyumba ile, akapewa kitanda kando ya mwanawe.

Hapo ndipo Mzee alipoliona kosa lake. Kwetu Wagusii, baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, wala hakanyagi mahali anapolala mkaza mwanawe. Ukumbi ulikuwa mmoja, na Kemuma alilala humo. Mzee alikuwa amejifungia nje kwa mikono yake mwenyewe.

Akawa anasimama uani, akizungumza na mjukuu wake kupitia ukuta.

"Sokoro," Mong'ina aliita, maana ndivyo tunavyomwita babu, "sauti yako nimeichoka. Nataka uso."

Persis akatoka nje, mikono kiunoni.

"Ingia, bwana! Hapa ni kwa wagonjwa, si kwa mwanao."

"Sista, mkaza mwanangu analala humo."

Kemuma akamwita baba mkwe wake kutoka ndani, kwa sauti ya chini, "Tata, mimi nitahamia jikoni."

"Hapana, mama. Mtoto ashtuke usiku akukose kwa ajili yangu?"

Kesho yake alikuja na nyundo na patasi, akaanza kutoboa ukuta sawasawa na kimo cha kitanda cha Mong'ina.

"Unabomoa nyumba!" Persis alipiga kelele.

"Ninaimalizia."

Kemuma akatundika leso kati ya kitanda chake na tundu lile. Mzee akaleta kigoda, akaketi chini ya mchirizi wa paa, na siku zote zilizofuata akashinda pale akiwa ameshika mkono wa mjukuu wake. Mong'ina alilalamika kwamba ukingo unamkwaruza kiwiko. Mzee akaweka kibamba cha lile jiwe laini la Tabaka linalochongwa vinyago. "Sasa umejua kazi," mtoto akamwambia, na babu akacheka hadi Persis akaja kuchungulia.

Mong'ina alifariki alasiri moja, mvua ikinyesha. Maji ya paa yalimchuruzika Mzee mgongoni, lakini hakuuachilia ule mkono mpaka Kemuma, nyuma ya leso, alipomwomba.

Baada ya matanga alirudi kuchukua kigoda chake. Uani alimkuta mzee mwingine, Onyancha wa Kenyenya, ambaye mjukuu wake alikuwa ameletwa humo na mamaye, amesimama akiutazama ukuta, kofia mkononi. Mzee Nyasani alimsalimia, kisha akaenda kuleta nyundo.

"Kitanda chake kiko wapi?" akauliza.