Wa Kumi na Moja

Kura yangu ndiyo iliyoamua. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Ningefurahi kama ingekuwa ya mtu mwingine.

Tulikuwa tisa katika kamati ya klabu ya mbio za magari hapa Likasi, wanaume tisa kwenye viti vya plastiki, ndani ya ukumbi tulioazima parokiani. Mezani palikuwa na barua ya wakubwa wa mkoa. Walitutaka tutenge nafasi mbili za wanawake kati ya zile kumi za mbio za mwaka, lakini uamuzi walituachia sisi. Mtu wa mbali ataona ni jambo dogo. Lakini watatu wa kwanza katika mbio zetu huchukuliwa na timu moja ya Lubumbashi inayolipa madereva wake mshahara, na katika mji ambao vijana wanangoja kazi mpaka wanaota mvi, nafasi ya kuanza mbio ni kitu cha kugombaniwa.

Binti yangu wa mwisho alikuwa anaitaka nafasi hiyo. Ana miaka ishirini na sita, anaendesha lori la mawe kwenye machimbo ya chokaa ya Kakontwe, na tangu utotoni hajawahi kuniomba kitu kimoja mara mbili. Hii aliniomba mara mbili.

Kuna jambo ambalo mgeni hawezi kulijua. Wengi wetu tumetoka katika familia za wachimbaji wa mkono, na kule kwenye mashimo ya Kambove watu husema mwanamke akikaribia shimo, madini yanakimbia. Hakuna aliyewahi kuyaona yakikimbia. Hata hivyo imani hiyo ilipanda gari ikaja mpaka uwanjani kwetu: siku za mazoezi tunafunga kamba, na wanawake wanabaki nje ya kamba na sufuria za chakula. Haijaandikwa popote. Mimi ni fundi, nimefungua injini maisha yangu yote, siamini jiwe lenye miguu. Lakini kamba niliifunga mwenyewe, kila Jumapili baada ya misa.

Wa kwanza kusema siku ile alikuwa muuza vipuri, Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka Kasongo, mtu asiyepandisha sauti.

“Minye niko na duka,” alisema. “Kama miaka yote ninafungiaka mutu mulango, siwezi kusema eti yeye hapendi kununua. Tubapatie mbili, bajifunze. Kiisha tutaona.”

Mwenyekiti, mstaafu wa reli, akakuna kidevu. “Na bale bijana babili benye tutaondoa, tutabaambia nini? Balifanya mazoezi mwaka muzima.”

Swali lake lilikuwa la haki, na bado nasema lilikuwa la haki. Wengine wakaongeza yao: kwamba wafadhili watatucheka, kwamba mwendo ule unaua, kwamba mama wa nani atakubali. Nikasimama. Mimi ndiye mshika krono wa klabu, ile saa ya kupimia mbio, na nikisema watu hunyamaza.

“Krono haiangaliake kama weye ni mwanaume ao mwanamuke,” nikasema. “Mutoto yangu mwenyewe anataka. Minye sitaki bamupatie nafasi sawa vile banapatiaka mutu sadaka. Akuye ku uwanja, tumupime sawa bengine. Mwenye kisu kikali njo atakula nyama.”

Wakapiga makofi. Kura zilikuwa nne kwa nne, mkono wangu ukawa wa tano wa kuzikataa zile nafasi mbili. Nilirudi nyumbani kifua mbele, nikiamini nimeitetea heshima ya mtoto wangu.

Alikuwa uani, anasugua viatu vyake vya kazi. Habari zilikuwa zimeshamfikia.

“Papa,” akasema, “bale bote kumi ya mwaka jana, ni nani alibafundisha?”

“Ni minye.”

“Na minye, ni nani alinifundisha?”

Nikamwambia kwamba anayeendesha lori la mawe hahitaji mwalimu. Nilisema kwa ukali. Swali lilinikasirisha. Mganga hajigangi, husema watu, na mimi kwa hasira yangu sikutaka hata kujua naumwa wapi.

Hakubishana. Jumamosi mbili zilizofuata, wakati uwanja hauna mtu, alikwenda akautembea kwa miguu na daftari mkononi, akihesabu hatua kutoka kona moja hadi nyingine. Nilijua. Nilimwona akirudi na vumbi jekundu mpaka magotini, na sikumwambia twende pamoja.

Siku ya kupima walikuja kumi na wanne, mwanamke yeye peke yake. Kamba tuliifungua siku ile moja. Gari aliazimwa na muuza vipuri. Kona ya kwanza aliiingia kwa upana mno, kama dereva wa lori anayeogopa kugusa ukingo wa machimbo. Mazoezi ya Jumapili tatu yangemtoa tabia hiyo. Kona nyingine zote alizikata vizuri, tena moja aliikata vizuri kuliko mwanafunzi wangu yeyote. Nilipima kwa haki, Mungu ananiona. Akawa wa kumi na moja, nyuma ya wa kumi kwa muda ambao huwezi kupiga chafya. Nikasoma majina kwa sauti, na lake lilipofika sauti yangu haikutetemeka. Nilijivunia hilo pia.

Sasa, klabu yetu ina desturi. Magari yetu ni makongwe na mafuta yetu machafu, kwa hiyo karibu kila mwaka moja linakataa kuwaka au linavunjika kabla ya kuanza. Wa kumi na moja ndiye akiba. Lakini hatarajiwi kuijua desturi hiyo mwenyewe, wala kuja bila kuitwa. Ni kazi ya mshika krono kwenda kwake, wiki ileile, kukaa na wazazi wake na kumwambia aje na helmeti yake, gari lake likae pembeni tayari. Nimefanya hivyo miaka mingi. Mwaka mmoja nilipanda pikipiki mpaka Kapolowe kumtafuta mtoto wa mkulima, nikanyeshewa kwenda na kurudi, na yule mtoto hata hakuhitajika.

Wiki ile sikwenda popote. Wa kumi na moja alikuwa anakula mezani kwangu, ananipitishia bukari, ugali wetu, na samaki, na haikunijia akilini kumwambia. Sikumficha. Nimejichunguza, nimeungama mbele ya padre, na bado nasema sikumficha. Nilisahau kwamba yeye ni dereva.

Jumapili ya mbio, gari la tatu lilivunja ekseli likizunguka kupasha injini. Mwenyekiti akaja kwangu. “Wa kumi na moja iko wapi?” Watu wote wa kamati wakanitazama. Nikapiga simu, nikasikia mngurumo wa lori.

“Papa, niko kazini. Nilikamata zamu ya mwenzangu.”

“Inabidi ukuye. Kuko nafasi.”

Nikasikia akizima injini. “Hakuna mutu aliniambia nikuje.”

Kutoka Kakontwe asingeweza kufika. Wafadhili wa Lubumbashi walikuwa wanatazama saa zao. Yakaondoka magari tisa, na pale ambapo la kumi lingesimama pakabaki mstari wa chokaa tu. Muuza vipuri akanipa mgongo. Nilipima mbio zote, nikaandika nyakati zote, na niliona haya kiasi kwamba sikukumbuka nani alishinda mpaka niliposoma karatasi yangu mwenyewe.

Alirudi jioni na vumbi jeupe kwenye nyusi. Akanawa, akakaa mbele yangu.

“Papa, kama wa kumi na moja ilikuwa mutoto ya mujirani, ungeenda kumuambia?”

Ningeweza kudanganya. “Ningeenda,” nikasema.

Akaitika kwa kichwa, akavuta sahani yake, akala.

Kwenye kikao kilichofuata niliomba barua ya mkoa isomwe tena. Nikawaeleza wenzangu nilichokifanya, neno kwa neno, na wawili waliinamisha vichwa. Nafasi mbili zikapita. Kamba niliichukua nyumbani, sasa imefunga mbuzi. Jumapili hizi nafundisha wasichana wanne, mmoja anatoka Kambove yenyewe, na hasira zangu wanazivumilia kama vijana walivyozivumilia. Kuna vijana walionuna, na mmoja aliyeacha klabu. Namwelewa, na sirudi nyuma.

Binti yangu hajaja. Mara tatu mwaka huu nimemuuliza kama niandike jina lake. Mara zote tatu ameniambia, “Hapana, Papa, aksanti,” kwa heshima, kama anavyomjibu mgeni.